Peke Yako kwenye Baiskeli: Uweke Muziki au Usikilize Njia?



Wapendwa vijana wenzangu, tafakari ya leo imetokana na swali la kijana mmoja wa kwaya. Aliniuliza kwa mshangao kabisa: "Frateri, unaendesha baiskeli kilomita 17 peke yako, simu unayo mfukoni, halafu huweki hata muziki? Huboreki?" Wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Lakini swali sikuliacha pale. Nimekaa nalo wiki kadhaa, kwa sababu naona ndani yake kuna jambo linalotuhusu wote, hata wewe ambaye huna baiskeli na safari yako ni ya daladala au ya miguu kwenda chuo.

Niko katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja ya mkoa wa Tabora. Huu ni mwaka ambao mseminari anatolewa darasani na kupelekwa kuishi na waamini, ili wao wamwone na yeye ajione. Kwangu mimi, sehemu kubwa ya mwaka huu ni baiskeli. Vigango ni vingi, padre hawezi kuwa kila mahali, basi Jumapili naenda kumsaidia katekista kuongoza ibada, na katikati ya wiki natembelea jumuiya. Barabara ni ya vumbi, inapita kwenye miti ya miombo na mashamba ya tumbaku. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mchanga ukiwa mwingi unashuka unasukuma.

Saa tatu peke yangu. Masikio yangu niyape nini?

Tuanze na hili: si dhambi

Najua wengine wakisikia frateri anataja hedifoni wanajua tayari mahubiri yanaelekea wapi: simu mbaya, muziki mbaya, vijana wa siku hizi wamepotea. Hapana, siendi huko. Kanisa letu ni Kanisa linaloimba. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, anautetea muziki kwa sababu kadhaa: unamlea mtu, unamtuliza, na unampa namna njema ya kutumia muda wake wa mapumziko. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, anasimulia katika Maungamo jinsi nyimbo za Kanisa zilivyomtoa machozi baada ya kubatizwa. Halafu kwenye kitabu cha kumi anajihoji: je, ninapoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, bado niko salama? Anapima upande huu, anapima upande ule, na mwishoni anakubali nyimbo zibaki kanisani. Napenda uaminifu wake. Hakuutupa muziki, wala hakuacha kuuhoji.

Na muziki wa safarini haukuletwa na simu. Hapa Unyamwezi, wapagazi wa karne ya 19 walijulikana kwa kubeba mizigo kati ya bara na pwani, safari ya miezi kwa miguu, na waliimba njiani. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, hatua zinafuata wimbo, na mzigo unapungua uzito. Mapadre Weupe waliofika Tabora mwaka 1878 walikuja na misafara ya namna hiyo kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo anayesema safari na muziki havipatani, historia ya hapa inamkatalia.

Ila kuna tofauti moja. Mpagazi aliimba kwa kinywa chake, na masikio yake yakabaki wazi. Alimsikia mwenzake aliyejikwaa nyuma. Alisikia maji yakiwa karibu. Leo mambo ni mengine. Tangu Walkman ya Sony ilipoingia sokoni mwaka 1979, imekuwa jambo la kawaida mtu kutembea katikati ya watu akiwa na muziki ambao ni yeye tu anayeusikia. Kinywa kimefungwa, masikio yamejaa. Hapo ndipo swali letu linapoanzia.

Sauti uliyoichagua na sauti iliyokujia

Jicho lina kope, sikio halina. Jicho linaona mbele, sikio linapokea pande zote. Sauti ikitoka kulia inafika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, na ubongo unaitumia tofauti hiyo ndogo kujua inatoka upande gani. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anajua kuna lori nyuma yake kabla hajageuza shingo. Aliyetuumba ametuwekea mlinzi mgongoni. Kwenye lami mimi silijadili hili mara mbili: mtu anayemzuia mlinzi huyu asifanye kazi anacheza na uhai aliopewa, na amri ya tano inamhusu hata kwa uhai wake mwenyewe.

Lakini usalama si hoja yangu kuu. Barabara yangu ya vumbi magari ni machache, na bado swali lipo.

Muziki wa simu nimeuchagua mimi. Msanii nimemchagua, wimbo nimeuchagua, ukinichosha naruka kwenda unaofuata. Ni dunia ndogo ambayo bwana wake ni mimi. Sauti za njiani, kinyume chake, hakuna hata moja niliyoichagua. Dudumizi analia kule bondeni, na wazee wanasema mvua iko karibu. Kengele za ng'ombe. Nyenze wa saa saba mchana. Mama anayetwanga. Mnyororo wa baiskeli unaoanza kulalamika kwa kukosa oili. Hakuna aliyeniuliza kama nazipenda.

Tuseme ukweli: mara nyingi muziki ni mtamu zaidi. Sisi tuliokulia kijijini hatuna mapenzi makubwa na nyenze. Kwa hiyo sisemi kwamba sauti za porini ni nzuri kuliko kwaya yako unayoipenda. Nasema kitu kingine: kati ya sauti nilizozichagua mwenyewe, hakuna inayoweza kuniita.

Nichukue mfano wa hapa hapa. Misitu ya Tabora ni misitu ya nyuki, na wanaotafuta asali wanamjua yule ndege mdogo anayewaongoza watu. Anakuja karibu nawe, anapiga kelele bila kutulia, anaruka mti wa mbele, anasubiri, anaita tena, mpaka mnafika penye nyuki. Mtu anapasua na kuchukua asali, ndege anabaki na nta na mabuu. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao kati ya Wayao wa Niassa, Msumbiji. Waliona kwamba mtafuta asali akitoa mlio maalumu waliorithishwa na baba zao, uwezekano wa kupata ndege wa kumwongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa hapa kwetu Tanzania wana mluzi wao kwa kazi hiyo hiyo. Yaani mtu anamwita ndege, na ndege anamwita mtu.

Sasa fikiria unapita pale na hedifoni. Ndege atakuita, atachoka, ataondoka. Wewe hutajua hata kwamba ulikosa kitu. Hasara ya namna hii ni ngumu kwa sababu haiumi. Aliyepoteza fedha anajua amepoteza. Aliyeitwa asisikie anaendelea na safari akiwa na furaha yake.

Na si ndege tu. Kwenye njia zetu watu wanasalimiana. Mzee aliyekaa chini ya mwembe anakuambia "Mwangaluka!", na salamu ile si maneno matupu. Maana yake ni: nimekuona, wewe ni mtu, pita salama. Mara nyingine baada ya salamu linafuata jambo: "Frateri, yule mgonjwa wa kule nyumba ya tatu anaomba Komunyo, mwambie padre." Safari mbili tatu mwaka huu zimebadilika kabisa kwa sentensi kama hiyo. Hakuna orodha ya nyimbo yenye sentensi hiyo ndani yake.

Ndugu zangu, wito maana yake ni kuitwa. Samweli alikuwa amelala hekaluni aliposikia sauti, akakimbia mara tatu kwa mzee Eli akidhani ni yeye. Hakujua ni nani anayemwita. Kutambua kulikuja baadaye, kwa msaada wa mwenye uzoefu. Lakini kusikia kulitangulia. Sisi mara nyingi tunaomba kwa bidii neema ya kutambua wito, na hiyo ya kwanza, ya kusikia tu, hatujaiachia nafasi.

Ndege si Mungu

Mwanafunzi wa falsafa lazima aweke mipaka. Sisemi kwamba dudumizi ni malaika au kwamba upepo kwenye miombo ni Roho Mtakatifu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba tunaweza kutoka kwenye kazi za Mungu tukamfikia Mungu mwenyewe kama chanzo chake, lakini kazi si fundi. Papa Fransisko katika Laudato Si', waraka wa mwaka 2015, anatuomba tuvitazame viumbe vingine kama vyenye thamani mbele ya Mungu, si kama vitu vya kutumia tu. Kusikiliza ni namna moja ya kukipa kiumbe thamani hiyo: unakiacha kiwe kinachosema, siyo mapambo ya safari yako.

Ndiyo maana siku hizi hata sauti za asili zinaweza kugeuka hedifoni. Kuna programu za simu zenye sauti ya mvua, mawimbi na ndege, na watu wanalalia. Si vibaya, kama zinakupa usingizi ni jambo jema. Ila mvua ya kwenye simu haikulowanishi. Unaiongeza, unaipunguza, unaizima. Mvua ya Tabora mwezi Januari inakwambia tafuta pa kujificha sasa hivi, nawe unajikuta umesimama kibarazani kwa watu usiowajua, mnapeana habari. Kwa hiyo mgawanyo wetu wa mwanzo, muziki upande huu na sauti za asili upande ule, haujafika kwenye kiini. Kiini ni hiki: je, hii sauti iko chini ya kidole changu, au inaweza kuniamuru kitu?

Na ukimya unapouma?

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo penye jambo zito. Kijana mwingine, baada ya wale wa kwaya kuondoka, alibaki. Alimpoteza mama yake mwaka jana. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Frateri, mimi nikizima muziki namsikia mama. Siwezi."

Sikumwambia azime. Na wewe unayesoma, kama uko kwenye hali hiyo, sikuambii uzime. Mtu aliyevunjika mguu hatumnyang'anyi gongo kwa sababu eti kutembea bila gongo ndiyo hali ya asili. Biblia yenyewe inaujua muziki kama dawa: Mfalme Sauli aliposumbuliwa moyoni, walimtafutia Daudi ampigie kinubi, na kila alipopiga Sauli alipata nafuu. Neno la Mungu linaiita nafuu, wala haliidharau.

Lakini soma mbele kidogo, sura mbili tu. Daudi anapiga kinubi kama kawaida, na safari hii Sauli ana mkuki mkononi, anamrushia. Kinubi kilikuwa kile kile. Kilimpa nafuu, lakini wivu uliokuwa unamla ndani hakuna aliyewahi kukaa naye akauzungumza. Muziki unaweza kukubeba mpaka siku utakapoweza kusimama. Hauwezi kusimama kwa niaba yako. Yule kijana nilimwambia hivi tu: siku utakapojisikia tayari, zima kwa mita 100, kuanzia mti huu hadi ule, na mama akija, mwombee Raha ya Milele, kisha washa tena. Si lazima iwe leo.

Blaise Pascal, Mfaransa aliyekuwa mwanahisabati na Mkristo wa moyo, aliandika katika Pensées, kitabu kilichochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, kwamba shida nyingi za binadamu zinatoka kwenye jambo moja: kushindwa kukaa mwenyewe chumbani kwa utulivu. Tunatafuta shughuli ili tusijikute. Angekuwepo leo angeona kwamba tumepata hata namna ya kuwa peke yetu bila kujikuta.

Nami nisijifanye kana kwamba ukimya wangu ni mtamu siku zote. Kuna mteremko mmoja kwenye njia yangu, baada ya mto mkavu, ambapo swali linanijia karibu kila wiki: je, hii safari ya upadre ni yangu, au ni ya mama yangu aliyeiombea tangu nikiwa mdogo? Si swali la kufurahisha, hasa ukiwa na kilomita tisa zimebaki na kuna watu wanakusubiri uwaongoze katika sala. Sijapata jibu lote. Nimepata kitu kingine, kwamba swali lenyewe limebadilika kwa kurudi rudi. Mwanzoni lilikuja kama mshtaki, siku hizi linakuja kama mtu anayetaka kweli kujua. Eliya pale Horebu, baada ya upepo mkali, tetemeko na moto, alipofika kwenye ile sauti ndogo ya utulivu hakupewa kwanza faraja. Aliulizwa swali, tena lile lile aliloulizwa kabla: anafanya nini pale? Ukimya wa Mungu mara nyingi una swali ndani yake. Nadhani ndiyo sababu tunauogopa, na ndiyo sababu mimi kwenye ule mteremko siweki muziki.

Mtu wa Kushi na gari lake

Kama unataka mfano mmoja wa kwenda nao, soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Mwafrika mmoja, mtu wa Kushi, ofisa mkubwa wa malkia, yuko njiani kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, amekaa garini anasoma. Yeye naye alijichagulia cha kumshughulisha safarini: kitabu cha Isaya. Hakuna anayemlaumu. Filipo anakimbia kando ya gari, anamsikia akisoma, anamuuliza kama anaelewa. Na mtu yule anasikia swali, anaacha kusoma, anasema hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, anamkaribisha mgeni apande. Siku ile ile akabatizwa, akaendelea na safari yake akifurahi.

Alikuwa na chake, lakini aliweza kukatizwa. Hicho ndicho kipimo ninachokupa, badala ya sheria ya kuweka au kutoweka: je, unaweza kukatizwa? Mtu akikuita, utasikia? Swali likikujia, litapata mlango? Kama ndiyo, sikiliza muziki wako kwa amani. Kama muziki umekuwa ukuta, basi hata ukiwa wa kwaya na wenye maneno matakatifu, bado ni ukuta.

Kwa vitendo, mimi najaribu hivi. Barabara ya lami, masikio wazi, sina mjadala. Njia ya kwenda kwenye utume, hakuna kitu masikioni, ili nifike nikiwa nimeshasikia watu ninaokwenda kuwahudumia. Kurudi nikiwa nimechoka, naimba mwenyewe, vibaya tu, kama wale wapagazi, na watoto wa njiani wanaitikia. Jioni nyumbani, kazi zikiisha, naweka muziki na kuusikiliza kweli, nimekaa, kama kitu chenye heshima yake, siyo kama kizibo cha masikio. Wewe tafuta utaratibu wako. Anza na kidogo: dakika kumi za kwanza za safari, kabla ya kubonyeza chochote, mpe nafasi Yule ambaye hukumchagua wewe bali alikuchagua Yeye.

Swali la kukaa nalo wiki hii: ni sauti gani ambayo, nikizima muziki, naogopa kwamba nitaisikia? Ukiipata, usikimbie haraka. Ipeleke kwenye sala, na kama ni nzito mno, ipeleke kwa padre au kwa mtu mzima unayemwamini. Hata Samweli alihitaji Eli.

Ee Bwana, ufungue masikio yetu njiani, utuite tungali tunaweza kusikia. Amina.

Tafakari njema, na Mungu awabariki.